Barua ya wazi: Makapi ya miwa yapewe bei kabla kiwanda cha rojo la karatasi hakijapewa leseni

Kwa Waheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Waziri wa Kilimo, Waziri wa Maliasili na Utalii, na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Sukari Tanzania.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mkulima wa miwa wa nje katika Bonde la Kilombero, yaani ninayelima shamba langu mwenyewe na kukiuzia kiwanda cha sukari miwa, nikiomba nafasi ya kusema juu ya wazo la kutengeneza rojo la karatasi, yaani ule uji wa nyuzi unaotandazwa kuwa karatasi, kwa kutumia makapi ya miwa iliyokwisha kukamuliwa pamoja na mianzi. Wazo hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ninachokihofia ni namna linavyozoeleka kuelezwa, kwamba makapi ni taka zinazomsumbua mwenye kiwanda, na kwamba mianzi ni majani yanayojiotea yenyewe, kwa hiyo mwekezaji akipewa ardhi na msamaha wa kodi, malighafi ataikuta inamsubiri. Mradi ukiandikwa kwa msingi huo, wa kwanza kuumia atakuwa mkulima, atafuatia mto, na mwishowe kiwanda chenyewe.

Ombi langu ni moja, na mengine yote nitakayoyaeleza yanalihudumia hilo. Kabla ya leseni yoyote ya kiwanda cha rojo kutolewa, Sheria ya Tasnia ya Sukari ya mwaka 2001 na kanuni zake zirekebishwe ili makapi ya miwa yatambuliwe kuwa zao linalotokana na muwa, lenye bei inayojulikana na lenye mgawo kwa aliyeulima muwa huo. Vilevile, hesabu ya mianzi ianzie shambani kwa mkulima, isianzie kwenye misitu ya asili.

Niruhusuni nianze na makapi yenyewe, kwa sababu nadhani wengi wanaoyaandikia mipango hawajapata kuyashika. Muwa ukishapita kwenye vinu vya mwisho, kinachotoka ni kitu chenye vuguvugu, cha rangi ya manjano iliyopauka, ambacho karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukikikamua mkononi hakidondoshi tone, ila kiganja kinanata kwa sukari kidogo iliyosalia, na katikati ya vidole vinabaki vitu viwili tofauti: nyuzi ngumu zinazotoka kwenye ganda la muwa, na unga mwepesi unaotoka kwenye moyo wake laini. Karatasi hutengenezwa kwa zile nyuzi. Ule unga, ambao ni karibu theluthi ya makapi yakishakaushwa, hauna kazi kwenye karatasi. Hunywa dawa za kupikia bila faida, na rojo likimwagwa juu ya wavu wa mashine, huziba maji yasichuje. Kwa hiyo kiwanda chochote makini huutenganisha kwanza, na unga huo hurudishwa kwenye maboila kuwa kuni. Mpango usiotaja utenganishaji huo, Waheshimiwa, haujaandikwa na mtu anayeijua kazi hii.

Sasa hesabu. Tani moja ya miwa hutoa kilo 270 hadi 300 za makapi mabichi. Upanuzi wa kiwanda cha sukari Kilombero ulilenga kutoka takribani tani 126,000 za sukari kwa mwaka hadi takribani tani 271,000. Kwa kuwa tani moja ya sukari huhitaji kama tani kumi za miwa, nyongeza hiyo peke yake inamaanisha miwa ya ziada inayokaribia tani milioni moja na nusu, na makapi mabichi takribani tani laki nne. Tani moja ya rojo lililosafishwa likawa jeupe humeza makapi mabichi tani tano hadi sita. Ikichukuliwa robo tu ya ile nyongeza, yaani tani laki moja, tunazungumzia rojo la tani 17,000 hadi 20,000 kwa mwaka. Si kiwango cha kujivunia mbele ya viwanda vikubwa vya dunia, lakini kinatosha kuendesha mashine ya maana, na ni kiwango ambacho bonde hili linaweza kukitoa bila kukigusa kiwanda cha sukari pabaya.

Nasema bila kukigusa pabaya kwa sababu makapi hayo sasa hivi yana kazi. Ndiyo kuni za kiwanda cha sukari. Ndiyo yanayochemsha maji yawe mvuke, na mvuke huo ndio unaozungusha mitambo ya umeme na kupika sukari. Atakayeyachukua lazima aache kitu kingine mahali pake, ama sivyo kiwanda kitatafuta kuni, na kuni katika wilaya zetu maana yake ni msitu. Lakini upo ukweli wa pili. Maboila ya zamani ya viwanda vya sukari, hapa kwetu na kwingineko, yalijengwa kwa makusudi yasiwe na ufanisi mkubwa, kwa kuwa lengo lilikuwa kuyamaliza makapi yasirundikane uwanjani. Boila la kisasa la shinikizo kubwa hufanya kazi ileile kwa makapi machache zaidi, na kinachobaki ndicho cha kuuzwa. Miaka kumi iliyopita ningesema kibaki kiwe umeme wa kuuziwa TANESCO. Leo Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, na kwa maoni yangu nyuzi za muwa zina thamani kubwa zaidi zikiwa karatasi kuliko zikiwa umeme mdogo wa msimu, unaopatikana miezi ya kusaga tu na kukatika masika yanapoanza.

Namna ya kubadilishana ipo, na imejaribiwa kwa miongo minne. Katika jimbo la Tamil Nadu nchini India, kampuni ya umma ya karatasi ya TNPL, iliyoundwa mwaka 1979 na kuanza uzalishaji mwaka 1984 karibu na mji wa Karur, iliingia mikataba na viwanda vya sukari vya jirani: yenyewe ikavipatia mvuke au nishati mbadala, navyo vikaipa makapi. Mkataba haukusema makapi ni bure. Ulisema makapi yana thamani ya nishati inayopimika, na atakayeyachukua ataifidia. Karibu zaidi na sisi, kiwanda cha Stanger katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kimetengeneza karatasi kwa rojo la makapi kutoka kiwanda cha sukari kilicho jirani yake. Sitaki tuige kila kitu cha wenzetu, kwani nishati iliyotumika India ilitegemea sana makaa ya mawe, jambo ambalo lina madhara yake. Ninachotaka tukichukue ni ule msingi wa kupima kwanza na kulipa.

Hapo ndipo ninapomfikia mkulima. Sisi wakulima wa nje hulipwa kwa uzito wa miwa tuliyofikisha na kiwango cha sukari kilichopimwa ndani yake. Makapi hayamo kwenye hesabu hiyo. Tumeyavumilia hayo kwa sababu yalikuwa yakichomwa kuchemshia sukari ileile ambayo mgawo wake tunaupata, kwa hiyo manufaa yalikuwa yakiturudia kwa njia ya mzunguko. Siku makapi yatakapopakiwa marobota na kuuzwa kwa kampuni nyingine ili yawe karatasi, mzunguko huo utakuwa umekatika. Nyuzi zile zilikua kwenye mashamba yetu, kwa mbolea tuliyoikopea kupitia AMCOS zetu, yaani vyama vyetu vya ushirika wa mazao, na tulilipia ukataji na usafirishaji wake kwa uzito uleule wa muwa mzima. Mauritius walilitambua jambo hili mapema. Tangu miaka ya 1980 wana mfuko wa kisheria unaomlipa mkulima sehemu ya thamani ya makapi yake, na mwaka 2021 serikali yao ilipandisha malipo hayo yakawa sehemu kubwa ya kipato cha mkulima mdogo. Hawakulifanya kwa huruma. Walikuwa wanaona mashamba yanaachwa kwa sababu sukari pekee haimlipi mtu, na kiwanda kisicho na miwa hakina makapi wala umeme.

Bodi ya Sukari inayo mamlaka ya kukaa na wenye viwanda na wakulima wakakubaliana kanuni ya bei. Ninaomba kanuni hiyo ifuate uzito wa nyuzi kavu, na isifuate uzito wa makapi mabichi, maana maji ni nusu ya mzigo na mzozo wa unyevu hautakwisha. Ninaomba pia kipimo kifanywe na mtu asiye mwajiriwa wa upande wowote. Wakulima wa bonde hili wanajua vizuri mzozo wa vipimo unavyoweza kuharibu msimu mzima.

Nije kwenye mianzi, ambayo kwangu ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za wazo hili na ndiyo inayoelekea kuharibiwa upesi. Uzi wa makapi ni mfupi, kama milimita moja hadi moja na nusu. Uzi wa mwanzi hufika milimita mbili hadi tatu, unaukaribia ule wa msindano. Karatasi ya makapi matupu huwa laini na hushika wino vizuri, lakini huchanika. Ukichanganya rojo la mwanzi inapata nguvu ya kubeba mzigo. Hiyo ndiyo sababu ya kuzitaja malighafi hizi mbili pamoja, na ndiyo sababu siungi mkono mradi utakaoanza na makapi na kuahidi kuwa mianzi itafuata baadaye.

Mianzi hiyo itatoka wapi? Mianzi ya asili ya milimani, ile ya Rungwe na ya milima mingine yetu, imo ndani ya misitu iliyohifadhiwa na inashikilia vyanzo vya maji. Hiyo isiguswe, na leseni iseme hivyo kwa maandishi. Kisha kuna mianzi ya Iringa na Njombe inayogemwa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Anayeijua nyanda hiyo anajua jinsi chipukizi linavyokatwa ncha wakati wa mvua, linavyokwanguliwa asubuhi na jioni, na maji yake matamu yanavyodondokea kwenye mbeta iliyofungwa kando. Chipukizi lililogemwa halikui kuwa mwanzi mrefu, kwa hiyo shina moja haliwezi kutoa ulanzi na nguzo ya kupeleka kiwandani kwa wakati mmoja. Kiwanda kikianza kununua mianzi bila mpangilio, mama aliyekuwa akisomesha watoto kwa ulanzi atauza vichaka vyake mara moja, kwa bei ya msimu mmoja, na miaka inayofuata hatakuwa na kitu. Mianzi ya kiwanda ipandwe upya, kwenye ardhi iliyochoka, kingo za mabonde na mipaka ya mashamba, kwa mikataba ya wakulima wadogo.

Mwanzi ulioingia ardhini leo huchukua miaka mitano hadi saba kabla kichaka hakijawa cha kuvunwa ipasavyo, na baada ya hapo huvunwa nguzo zilizokomaa, zenye umri wa miaka mitatu au minne, huku changa zikiachwa. Kwa hiyo kitalu cha miche kinatakiwa kitangulie jiwe la msingi kwa miaka kadhaa. Wakala wa Huduma za Misitu na Taasisi ya Utafiti wa Misitu wanao wataalamu wa kusema ni aina zipi zinafaa wapi, na ninaomba wasichague aina moja. Mianzi mingi ina tabia ya kuchanua kwa pamoja baada ya miongo mingi, kisha ikafa yote. Kaskazini-mashariki mwa India, aina inayochanua kila baada ya kama miaka 48 ilichanua kati ya mwaka 2006 na 2008, ikafa, panya wakazaliana kwa mbegu zake na kuvamia mashamba ya chakula. Viwanda viwili vikubwa vya karatasi vya serikali vilivyokuwa vikitegemea mianzi katika jimbo la Assam la eneo hilohilo, Cachar na Nagaon, vilisimama mwaka 2015 na 2017. Sisemi kuchanua ndiko kulikoviua peke yake, kwani vilikuwa na matatizo mengine ya uendeshaji, lakini uhaba wa mianzi ulikuwa miongoni mwa yaliyovielemea, na wafanyakazi wake walikaa muda mrefu bila mishahara.

Kuhusu mto sina budi kuongea kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndiyo hofu ya kila kijiji kitakachosikia neno kiwanda cha karatasi. Makapi na mianzi hupikwa kwa soda kali ili kuziachanisha nyuzi na utomvu mgumu unaozishikamanisha. Makapi hupikika haraka, dakika kumi na tano au ishirini kwa joto la nyuzijoto 160 hadi 170 za Selsiasi, na hilo ni jema kwa gharama. Kinachobaki ni maji meusi, yenye soda na karibu nusu ya uzito wa malighafi iliyoyeyuka ndani yake. Kiwanda kizuri huyakausha maji hayo, huyachoma kwenye boila maalumu, hupata mvuke na huirudisha soda itumike tena. Kiwanda kibaya huyamwaga. Tatizo la pekee la mianzi na makapi ni silika, yaani mchanga mwororo uliomo ndani ya mmea wenyewe, ambao huganda kwenye mabomba ya kukaushia maji meusi na kufanya kazi ya kurejesha soda iwe ghali. Viwanda vidogo vingi duniani vilivyotumia mabaki ya mimea vilishindwa hapo. Vikaona ni rahisi kufungulia bomba usiku.

Huku kwetu bomba hilo lingefunguliwa wapi? Bonde la Mto Kilombero ni ardhioevu yenye hadhi ya kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002. Maji yake na yale ya Ruaha Mkuu, unaopita katikati ya mashamba ya miwa ya Msolwa na Ruembe, hukutana kwenye Rufiji na kuingia katika Bwawa la Julius Nyerere. Taifa limeweka matrilioni ya shilingi kwenye maji hayo. Kwa hiyo ninaomba Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lisikubali andiko lolote la athari za mazingira lisiloonyesha mtambo kamili wa kurejesha soda, uliojengwa na kujaribiwa kabla ya tani ya kwanza ya rojo kupikwa, na lipige marufuku klorini ya gesi katika kusafisha rangi. Yapo mengi ya kutengeneza yasiyohitaji weupe hata kidogo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya kaki, trei za mayai na vifungashio vya matunda vimekuwa mahitaji ya kila siku sokoni, na vyote vinatengenezeka kwa rojo la kahawia. Tuanzie hapo, na daftari jeupe lisubiri.

Kuna swali la mahali. Nchi hii ilishajenga kiwanda kikubwa cha rojo na karatasi kule Mgololo, Mufindi, kilichoanza kazi mwaka 1985 kikitegemea misindano ya shamba la miti la Sao Hill. Kina mashine, kina watu wenye ujuzi wa kupika rojo, na kipo katika mkoa wenye ardhi ya mianzi. Reli ya TAZARA inatoka kwenye miwa yetu, inapita Mang'ula, Ifakara na Mlimba, kisha inapanda milima kuelekea Makambako, na ukanda wa Mgololo uko kwenye njia hiyohiyo. Mwaka 2025 yalisainiwa makubaliano ya dola za Marekani bilioni 1.4 ya kuifufua reli hiyo. Kwa maoni yangu, njia ya busara kuliko kujenga kiwanda kipya pembezoni mwa ardhioevu ni kuyatenganisha makapi na unga wake hapa Kilombero, unga ubaki kwenye maboila, nyuzi zifungwe marobota na zipande reli kwenda kuchanganywa na mianzi na misindano huko juu. Makapi ni mzigo mkubwa kwa ujazo na mwepesi kwa uzito, hivyo gharama ya usafiri itapimwa na wataalamu, lakini ipimwe kwa reli, isipimwe kwa malori pekee kisha ikasemwa haiwezekani.

Jambo la mwisho ni la wafanyakazi, nalo husahaulika. Kiwanda cha sukari husaga kwa msimu, kiwanda cha rojo hufanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo makapi lazima yatunzwe miezi kadhaa. Marobota yenye sukari iliyosalia huchacha, hupata joto, na yanaweza kushika moto yenyewe. Yakiota ukungu, vumbi lake huingia mapafuni na kuleta ugonjwa wa kifua unaojulikana kitaalamu katika nchi zote zenye viwanda hivi. Njia iliyo salama zaidi ni kuyatunza yakiwa yamelowa, juu ya sakafu ya zege yenye mifereji, na maji yake yakusanywe. Hilo liwe sharti la leseni, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi wapewe nafasi ya kukagua kabla ya kibarua wa kwanza kupewa beleshi.

Waheshimiwa, ninaomba mabadiliko ya kanuni kuhusu bei ya makapi yawekwe mezani katika kikao kijacho cha wadau wa sukari, wawakilishi wa AMCOS wakiwemo na wakiwa wamepewa rasimu kwa Kiswahili mapema, wapate kuisoma kwa wanachama wao. Ninaomba Wizara ya Maliasili na Utalii itangaze hadharani mpango wa vitalu vya mianzi kwa Mufindi, Njombe na Kilombero, pamoja na bei ya kuanzia ya nguzo moja. Na ninaomba maombi yoyote ya leseni ya kiwanda cha rojo yaliyokwisha kupokelewa yabandikwe kwenye ofisi za vijiji na kata zitakazohusika, kurasa zote, ikiwemo ile inayoeleza makapi yatanunuliwa kwa nani na kwa shilingi ngapi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkulima wa miwa wa nje,
Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro.